TAHADHARI: Muuzaji wa “Brahma safi” anayezunguka Lubumbashi

Jambo wapapa, wamama na ndugu wote wafugaji. Kuna mtu anauza kuku wa aina ya Brahma kwa WhatsApp, eti wamepita mpakani Kasumbalesa wakitoka ng’ambo. Jina analibadilisha, namba ya simu pia, ila mchezo ni uleule. Anatuma picha za majogoo makubwa yenye miguu iliyofunikwa manyoya. Anataka nusu ya bei itumwe kwa simu leo leo kwa sababu kuna mteja wa Kolwezi anawasubiri haohao. Halafu anakuletea kuku ndani ya katoni, giza likiwa limeingia, na hakai hata kunywa maji. Jogoo 1 na mitetea 2 ni dola 150. Hiyo ni pesa ya shule ya mtoto.

Kuku aliomwuzia mama mmoja jirani, kule Katuba, nimewashika kwa mikono yangu. Ni machotara wa Brahma na kuku wa kijijini. Naeleza alama zao kwa kirefu, kwa sababu huyu bwana anajua tunapoangalia na tusipoangalia.

Wengi wetu tukiona manyoya miguuni tumeshaamini. Lakini manyoya hayo hurithiwa kwa nguvu: mzazi mmoja akiwa nayo, watoto wanatoka nayo, ingawa machache. Upanga wa Brahma, ule mfupi wa safu 3 za vinundu uliolalia kichwa, nao hushinda upanga wa kawaida uliosimama. Basi chotara wa kwanza anatoka na alama zote 2 ambazo mnunuzi anazitafuta!

Mfunue manyoya, uangalie ngozi ya mguu. Brahma wa kiwango, yaani anayelingana na maelezo rasmi ya aina yake, ana miguu ya manjano, na umanjano huo ni wa kujificha: kifaranga lazima aupate kwa baba na kwa mama pia. Mtetea mmoja wa Katuba alikuwa na ngozi nyeupe ya kuelekea waridi, mwenzake ya kijani iliyofifia. Manyoya yalishuka upande wa nje tu, yakaishia mwanzo wa kidole cha nje. Kidole cha kati kilikuwa kitupu kabisa, wakati kiwango kinataka nacho kiwe na manyoya. Kuku wa kijijini wengi wana miguu ya manjano, kwa hiyo rangi hiyo peke yake haithibitishi usafi. Lakini aliyeikosa, mkatae palepale.

Halafu mizani. Kiwango cha Marekani kinampa jogoo mzima wa Brahma wa rangi ya “Light” (mweupe mwenye weusi shingoni) kilo 5.4 hivi, na koo, yaani jike mzima, kilo 4.3. Jogoo wa yule mama, mwenye vipi virefu (ile miiba ya miguuni) vya jogoo mzima, hakufika kilo 3.

Anatoa pia “cheti cha kimataifa” chenye mhuri. Kuku hauzwi kwa karatasi ya ukoo kama mbwa. Wamarekani wamechapa viwango vyao tangu 1874, na kwenye maonyesho mwamuzi humshika ndege mwenyewe akampima kwa maandishi hayo. Ubelgiji wafugaji wa maonyesho huwavisha kuku pete isiyofunguka, yenye mwaka, kifaranga angali mdogo. Mguu ukinenepa haitoki tena. Pete za huyu bwana ni za plastiki, unazifungua kwa kidole.

Sasa ameanza kutangaza na mayai meusi ya Ayam Cemani. Kuku huyo wa Indonesia ni mweusi mpaka mifupa, lakini ganda la yai lake ni la rangi ya krimu. Hakuna kuku anayetaga yai jeusi.

Kinachoniuma zaidi ya dola ni mbegu. Ukiwapandisha machotara hao wao kwa wao, kizazi kinachofuata kinatawanyika: huyu upanga umesimama, yule miguu mitupu, mwingine mwembamba kama wa kijijini. Mtu anayejenga kundi lake kwa kuchagua kila mwaka anagundua kazi yote ilianzia kwa wazazi wasiofaa. Na wale wachache wenye Brahma wa kweli hapa mjini wanakosa wateja, kwa sababu watu wameshaogopa.

Kabla ya kutoa hata franka moja, dai kuwaona wazazi, mchana, kwenye lupango wanakofugwa. Kama yuko mbali, akupigie video ya moja kwa moja, afunue miguu mbele yako na aweke kuku kwenye mizani. Huyu amekataa kila alipoombwa. Hata ukinunua kwa mwaminifu, watenge wageni majuma machache, ugonjwa wa kideri usiingie bandani.

Mliokwisha nunua, msifute ujumbe wala risiti ya pesa mliyotuma, polisi watazihitaji. Kuku wafugeni kwa mayai na nyama, hawana kosa. Vifaranga vyao tafadhali msiviuze kwa jina la Brahma.