CampingCard ACSI kwa watu wawili: uzoefu wangu

Kama mko wawili na hamfungwi na likizo za shule, nunueni hii kadi. Naanza na jibu kwa sababu Watanzania wenzangu hapa Ujerumani huniuliza kama inafaa kuinunua, wakisikia mimi na mume wangu tunazunguka Ulaya kwa gari na kulala kwenye hema.

ACSI ni kampuni ya Uholanzi, ipo tangu 1965. Kadi yao ni ya punguzo la bei kwenye kambi za mahema na karavani nje ya msimu wa watu wengi, na ni ya mwaka mmoja. Ukifika mapokezi ya kambi unaionyesha, unalipa bei iliyokwisha kupangwa, na ndani yake wamo watu wazima wawili, gari, hema au karavani, umeme, hata mbwa mmoja. Pale ambapo maji ya moto ya kuogea ni ya kulipia, kila mtu mzima anaoga mara moja bure kwa kila usiku anaolala. Kodi ya watalii haimo, kwa hiyo ulizeni mapema. Na Julai na Agosti, wakati watu wamefurika, kambi nyingi haziipokei.

Kwetu hilo si tatizo. Septemba ndiyo tunayoipenda. Tulianzia Austria tukapanda barabara ya milimani ya Grossglockner, kilomita 48 na kona kali 36, mpaka Hochtor kwenye mita 2,504, mume wangu akiwa kwenye usukani na mimi nimeshika thermosi ya chai. (Barabara ile ina malipo yake, stika ya kulipia barabara kuu za Austria haiihusu.) Tukashukia bonde la mto Soča, Slovenia. Yale maji jamani! Kijani cha kung'aa, baridi ya kukata mifupa, na kambi ina nafasi unachagua mwenyewe. Slovenia na Kroatia huruhusiwi kulala popote tu kando ya njia, na ndiko kadi ilikotuokolea pesa nyingi zaidi.

Kuhusu umeme, nendeni na waya mrefu wenye plagi ya buluu ya kambi, ile ya duara yenye pini tatu. Plagi ya nyumbani haiingii kwenye lile boksi. Kambi nyingi zinatoa ampea 6, yaani kama wati 1,380. Ukiwasha birika la wati 2,000, swichi inaruka na mnabaki gizani. Sisi tunabeba birika dogo la wati 1,000. Chai inachelewa kidogo, lakini inachemka.

Safari ijayo ni Norwei, na huko kadi tutaitumia kwa nadra. Sheria yao ya 1957 inakuruhusu kupiga hema porini hadi siku mbili bila kuomba ruhusa, ilimradi uwe angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu.