Ngome ya Lamu: ukienda usiwe na haraka

Miaka yote nikishuka jeti nakata mpaka Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya Ngome, nakaa kivulini, naitazama Ngome kwa nje basi. Safari hii nikasema lazima niingie, na nikamchukua mjomba, mzaliwa wa mjini hapo hapo, na hilo ndo jambo la maana nililofanya siku hiyo.

Historia yenyewe wengi tunaijua nusu nusu. Watu wa kisiwa cha Pate wakisaidiana na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuja kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya sana kule Shela, lakini watu wa Lamu hawakulala raha wakijua wanaweza kurudiwa saa yoyote, kwa hivyo wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Ngome ilianza kujengwa 1813 ikaisha 1821, na wakawekwa askari wa Kibaluchi. Wakati huo ilikuwa inatazama bahari moja kwa moja, saa hii kuna majengo mbele yake hata unaweza kusahau ilikuwa ya kulinda nini. Ukigusa ule ukuta wa matumbawe na chokaa, ukiangalia boriti za mikoko juu, unahisi ubaridi hata kama nje jua linaunguza.

Lakini kilichonishika mimi si vita. Ni jela. Kuanzia 1910 mpaka 1984 hii Ngome ilikuwa jela, Waingereza walianza na serikali yetu ikaendelea miaka 21 baada ya uhuru, yani miaka 74 jumla! Mjomba aliingia ule ua wa katikati akanyamaza. Yeye utotoni hakuijua kama ngome ya historia, kwake hapa palikuwa jela na watoto walikatazwa kusogea mlangoni, halafu leo anapita na viatu vyake mkononi anaangalia vyumba kimoja kimoja polepole, na mimi nyuma yake sikutaka hata kutoa simu nipige picha. Watalii wengi wanauliza habari za masultani na mizinga na sawa ni haki yao, ila kwangu mimi hiyo miaka 74 ndo historia iliyo karibu zaidi, wenye kuikumbuka bado wako barazani, waulizwe sasa.

1984 ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikakarabatiwa, na saa hii ni jumba la watu wote: kuna maonyesho, kuna maktaba, kuna shughuli za mji. Hapo ndipo nawapa nyota zote tano, kwa sababu jengo lililokuwa la kufungia watu sasa kijana anaingia kusoma kitabu. Mji wa Kale wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 lakini jengo likibaki la kutazamwa tu bila mwenyeji kuwa na shughuli nalo linakufa, hili halijafa.

Pandeni mpaka juu darini, mapaa yote ya mji mnayaona, na punda wanaopita chini uwanjani. Ngazi zina mwinuko, mwenye mzee amshike mkono. Nendeni jua likipungua, na mkitoka kaeni Mkunguni kidogo, mjomba wangu maneno yalimtoka pale, si ndani.