Kapu la chakula la kanisa Malindi: tumelipima kwa makaa

Kapu ambalo vikundi vingi vya kanisa hapa Malindi huwapelekea wajane, wagonjwa na wazee, iwe Muyeye, Maweni au Ganda, lina sura ile ile: pakiti mbili za unga wa mahindi za kilo 2, kilo 2 za maharagwe mekundu, kilo 2 za mchele, lita 1 ya mafuta, kilo ya sukari, chumvi, majani ya chai na mche wa sabuni. Duka la jumla hulifunga tayari, kamati ikalipa na kwenda zake. Hukumu yetu ni hii: unga na mafuta ni sawa ila kipimo ni kidogo, sabuni ni nzuri, maharagwe hayafai kwa nyumba nyingi zinazopelekewa, na kitu kikubwa kuliko vyote hakimo. Hakuna moto.

Tuanze na maharagwe, maana hapo ndipo kapu linapoanguka. Maharagwe makavu yasiyorowekwa hutaka saa 2 hadi 3 jikoni. Huku pwani mambo huwa mazito zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, maharagwe yaliyolala miezi ghalani penye joto na unyevu huwa sugu. Yatachemka mchana kutwa na kiini kibaki kigumu. Pili, mifereji ikikauka watu hurudia visima, na maji ya visima vingi vya mwamba wa matumbawe yana chumvi na chokaa. Chokaa hiyo huzuia haragwe lisilainike. Sasa mfikirie bibi mwenye seredani (jiko la makaa) moja ya bati, anayenunua makaa kwa mkebe. Makaa yakimwishia ataepua maharagwe kabla hayajaiva. Na maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Haiishi kwa moto wa kufifia, yataka kutokota kwa nguvu dakika 30. Aliyekuwa dhaifu anazidi kudhoofika, na waliomletea kapu wala hawana habari.

Yakobo, katika waraka wake kwenye Biblia, aliwakemea wanaomwambia ndugu asiye na nguo wala riziki aende zake kwa amani, “mkaote moto na kushiba”, bila kumpa mahitaji ya mwili. Tazama mpangilio wa maneno yake: moto umetangulia shibe. Kapu la kawaida hupeleka chakula kibichi na kumwachia mwenye nyumba atafute moto mwenyewe, na kwa nyumba nyingi moto ndio unaokula pesa ya kila siku.

Badala ya maharagwe, wekeni pojo (ndengu) kilo 2. Haihitaji kurowekwa na huiva kwa dakika 30 hadi 45. Ongezeni nazi kavu mbili, kwa sababu pojo bila tui ni chakula cha kujilazimisha, na tui ndilo linaloleta mafuta ya kumshibisha mtoto. Nazi kavu nzima hukaa wiki kadhaa bila jokofu. Itikiseni kwanza: isiyo na maji ndani, au yenye ukungu kwenye macho, irudisheni papo hapo. Kunde ni chaguo la pili, zikirowekwa usiku huiva kwa saa moja hivi. Pojo na kunde zote hupendwa na fukusi, kwa hiyo mwageni konzi moja kwenye sinia nyeupe kabla ya kulipa gunia. Punje yenye tundu dogo la duara ina maana mdudu ameshatoka, na wenzake wamo humo humo.

Kama tayari mna magunia ya maharagwe yaliyochangwa, msiyatupe. Yanunulieni pakacha. Pakacha pana la makuti likishafikisha chakula laweza kubaki pale nyumbani na kuwa jiko lisilokula makaa. Tandikeni ndani gunia safi, jazeni makumbi (nyuzi za ganda la nje la nazi) makavu yaliyochambuliwa, chini na pembeni unene wa sentimita 10, muache shimo la kuingia sufuria. Maharagwe yarowekwe kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yamwagwe, yawekwe maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 30 kamili. Kisha sufuria ifunikwe, iingizwe pakachani ingali inatokota, ifunikwe juu kwa mto wa nguo kuukuu, iachwe kwa muda wa saa 3 au 4 bila kufunguliwa. Kabla ya kula yachemshwe tena, viungo na tui vitiwe wakati huo. Maharagwe mapya huiva vizuri hivi. Yale sugu yatabaki na ukaidi wao.

Njia hii huharibika kwa makosa matatu. Sufuria iliyojaa nusu hupoa upesi, kwa hiyo yafaa sufuria ijae angalau robo tatu. Watu hufungua kuchungulia, na kila ukifungua joto linatoka. La hatari zaidi ni kaa dogo lililoganda chini ya sufuria: makumbi hushika moto polepole bila kuonekana, na nyumba ya makuti haisubiri. Futeni kitako cha sufuria kwa kitambaa kibichi kabla ya kuiweka. Anayepeleka kapu amwonyeshe mwenye nyumba hatua hizi kwa mikono yake; karatasi ya maelezo haitoshi.

Unga. Nunueni wa pakiti ulioongezwa virutubishi. Sheria ya Kenya imelazimisha hivyo tangu 2012 kwa unga wa mahindi na wa ngano na kwa mafuta ya kupikia. Mahindi ya kusagisha yana bei nafuu zaidi, lakini yasipokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini huota kuvu wenye sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Halafu mahindi ya mgonjwa atayabeba nani mpaka kwenye mashine? Kuhusu kipimo, hesabuni kwa ukweli: sima ya watu sita hula karibu kilo moja ya unga kwa mlo. Pakiti mbili ni milo minne ya jioni. Msiliite kapu la mwezi. Nusu bunda, yaani pakiti 6, ni milo 12, na hapo ndipo msaada unapoanza kuonekana ndani ya nyumba.

Mafuta yawe ya chupa iliyofungwa kiwandani, si ya kupima. Vitamini A iliyomo huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chupa zisipangwe mbele ya madhabahu penye jua wiki tatu zikingoja Krismasi. Ghala la kanisa nalo liangaliwe: magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, hasa masika, na yaliyoingia kwanza yatoke kwanza. Sukari mwulizeni mtu kabla ya kumpelekea. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ipewe pojo zaidi. Penye wasichana wekeni pakiti ya sodo bila kusubiri waombe, kwa sababu hawataomba.

Je, si afadhali kutuma pesa kwa simu? Kwa wengi ndiyo, na tunawapendelea wanaofanya hivyo: pesa hununua makaa, dawa na nauli ya hospitali, vitu ambavyo kapu halivijui. Kasoro ni mbili. Wazee wengi laini zao zimo mikononi mwa jamaa, na ada ya kutoa hukata kiasi kidogo kilichotumwa. Kwa mzee wa namna hiyo lipeni moja kwa moja kwa muuza makaa wa mtaani: mikebe kadhaa kwa wiki, iandikwe kwenye daftari mbili, moja kwa muuzaji na moja kwa kamati.

Orodha ya majina ndiyo huvunja mioyo. Kanisa la kwanza Yerusalemu lilinung'unikiwa kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahaulika katika huduma ya kila siku, ndipo wakachaguliwa watu saba wa kuisimamia, kama Matendo 6 inavyoeleza. Hapa wanaosahaulika ni wale wasiokuja ibadani, kwa ugonjwa au kwa kuwa hawana nguo ya kutokea. Wapitieni nyumba kwa nyumba, na jirani Mwislamu awemo kwenye orodha sawa na mshirika. Ndani ya kapu lake kisifichwe kijikaratasi cha mahubiri, wala nyama ya mkebe ambayo hajui imechinjwaje. Msamaria wa Luka 10, aliyemsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani, hakumuuliza majeruhi dini yake.

Picha za wanaopokea, hapana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, na ridhaa ya mwenye njaa mbele ya kapu si ridhaa.

Msamaria huyo alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari 2, ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa ziada atakaporudi. Kurudi huko ndiko kunakokosekana zaidi katika makapu yetu. Rudini siku ya nne au ya tano, mikono mitupu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ulizeni nini kimepikwa na nini bado kimefungwa; kilichobaki kimefungwa ndicho kisichofaa nyumba hiyo, kibadilisheni mara ijayo.

Kapu jipya lina uzito wa kilo 20 hivi. Tuktuk ilifikishe mlangoni, na kijana mwenye nguvu aliingize hadi jikoni. Akiwa huko aitazame seredani: ikiwa kitako cha ndani chenye matundu kimeoza, makaa huanguka kwenye majivu kabla hayajaungua yakaisha, na fundi bati hukibadilisha siku hiyo hiyo.