Queen I ya 2024 au rimasta ya 2011: ipi ya kuweka kwenye simu ukiwa Dodoma

Albamu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoka nchini humo tarehe 13 Julai 1973 ikiitwa Queen tu. Oktoba 2024 imerudi na jina jipya, Queen I, nyimbo zake zikiwa zimechanganywa upya kuanzia kwenye tepu za mwanzo. Kati ya hizo mbili kuna toleo la 2011, ambalo Bob Ludwig alilifanyia masta upya bila kugusa miksi ya 1973, yaani jinsi vyombo na sauti vilivyochanganywa. Toleo la 2011 na la 2024 yote yamo kwenye programu za muziki, majina yanakaribiana, majalada yanafanana sana, na ni rahisi bando lako likaishia kwenye lile usilolitaka.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kama hujawahi kuisikia albamu hii, pakua ya 2024. Kama unaipenda tayari, usiifute ya 2011. Sababu zinahitaji maelezo kidogo.

Tuanze na maneno, maana ndiyo yanayowapoteza watu. Masta ni kazi ya mwisho, inafanyika juu ya wimbo uliokwisha kuchanganywa. Fundi anapokea chaneli mbili tu, ya kushoto na ya kulia, na vyote vimo humo: dramu, besi, gitaa, piano, waimbaji. Anaweza kuongeza uzito wa chini, kupunguza ukali wa juu, kufuta mivumo ya tepu, kupandisha sauti nzima. Dramu peke yake haigusi. Akiinua eneo la hezi 100, yaani la sauti nzito za chini, ili dramu ya mguu ipate nguvu, besi ya John Deacon, mpiga besi wa Queen, inapanda nayo, na mkono wa kushoto wa piano vilevile. Ni kama mlenda uliokwisha kutiwa karanga: chumvi unaweza kuongeza, tena ya sufuria nzima, lakini karanga huzichomoi tena. Kuchanganya upya ni kurudi jikoni kabla sufuria haijainjikwa. Tepu za traki nyingi zinafunguliwa, kila chombo kiko peke yake, na mtu anaamua upya nani asimame mbele, nani nyuma, nani kushoto, na kila mmoja apewe mwangwi kiasi gani.

Kwa albamu hii tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko kwa albamu nyingi, kwa sababu malalamiko ya wanamuziki wenyewe tangu 1973 hayakuwa juu ya masta. Yalikuwa juu ya dramu. Walirekodi Trident Studios, London, kwa saa za kuokoteza, hasa usiku wakati studio haina mteja anayelipa. Mtindo wa Trident ulikuwa kumweka mpiga dramu kwenye kijichumba kilichofunikwa kuta kwa vitu vya kunyonya sauti, na ngozi za dramu kubandikwa utepe ili zisivume. Matokeo yake ni dramu kavu: inapigwa na kufa hapo hapo. Mpiga dramu Roger Taylor na mpiga gitaa Brian May walitaka kinyume chake, ngoma inayopumua ndani ya chumba kikubwa.

Anayejua muheme wa Kigogo atalielewa hili bila vipimo. Akina mama wakipiga muheme uwanjani, ngoma zikiwa katikati ya miguu, unasikia pigo, kisha unasikia ukuta wa nyumba ukilirudisha, kisha ardhi. Zipeleke ngoma zilezile kwenye chumba kilichojaa magodoro na uzifunike khanga. Mpigaji ni yuleyule na mkono ni uleule, lakini umebakiwa na mgongano wa kiganja na ngozi tu. Hicho ndicho kilichotokea kwa dramu za albamu ya 1973, na hakuna masta inayoweza kukitibu.

Toleo la 2024 limekwenda kukitibu. Kazi ya kuchanganya imefanywa na Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson, Brian May na Roger Taylor wakiwa wasimamizi. Upigaji na uimbaji ni uleule wa zamani. Kilichobadilishwa ni jinsi kila chombo kinavyosikika. Jambo moja liwekwe wazi: chumba ambacho hakikurekodiwa hakiwezi kurudishwa. Nafasi unayoisikia kuzunguka dramu za 2024 imeundwa na mafundi baadaye. Imeundwa vizuri, kwa mikono ya watu wanaojua bendi ilitaka nini, lakini si hewa ya Trident ya 1972.

Isikilize kwanza kwenye Keep Yourself Alive. Gitaa la mwanzo lenye kuzunguka-zunguka liko karibu sawa kwenye matoleo yote mawili, kwa hiyo lisikuchukulie muda. Subiri katikati ya wimbo, pale gitaa linaponyamaza na dramu zikabaki peke yake. Kwenye 2011 tomu (zile ngoma za dramu za ukubwa tofauti) zinasikika kama makopo yaliyojazwa nguo, zote zimebanana eneo moja. Kwenye 2024 kila tomu ina mahali pake, zinapita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ile kubwa ina tumbo. Hapo huhitaji hedifoni ya bei mbaya; hata ya elfu chache itakuonyesha.

Great King Rat na Liar zinafaidika kwa namna hiyohiyo, Liar zaidi. Ni wimbo wa dakika sita na ushee wenye vipande vingi, na kwenye miksi ya zamani vipande vya kelele vinakuwa ukuta mmoja: gitaa, kwaya na visahani vinagombania mlango mmoja. Miksi mpya imeipa besi njia yake. Deacon, ambaye jalada la 1973 liliandika jina lake kinyume, Deacon John, anasikika akipiga noti, si mvumo.

My Fairy King ndiyo ninayoiona kuwa kipimo kikubwa. Humo mwimbaji Freddie Mercury, mtoto wa Zanzibar aliyezaliwa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, anapiga piano kwa kujiachia na kupanga sauti juu ya sauti, na Roger Taylor anapanda juu kabisa kwa sauti kali nyembamba. Wenye masikio yaliyolelewa na kwaya za huku, ambako sauti moja hukatiza nyingine na kila mtu ana mstari wake, watataka kuhesabu watu. Kwenye 2011 unasikia kundi. Kwenye 2024 unaweza kumfuata mwimbaji mmoja kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kwa wimbo huu pekee miksi mpya imelipa gharama yake.

Lakini The Night Comes Down ninaipa 2011. Wimbo huu haukurekodiwa Trident. Ni rekodi ya majaribio kutoka studio ya De Lane Lea, ambayo bendi iliiona bora ikaitumia hivyohivyo. Dramu zake hazikuwa na ugonjwa ule wa kijichumba, kwa hiyo tiba ilihitajika kidogo. Kisha kuna gitaa la nyuzi za chuma la Brian May, gitaa la bei rahisi lenye mvumo wa nyuki kwenye kila noti. Mvumo ule si kasoro. Mtu yeyote aliyesikia ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, ikipigwa Chamwino anajua kwamba mtetemo wa pembeni ni sehemu ya wimbo, na mpigaji huutafuta. Kwenye miksi ya zamani mvumo huo uko wazi, karibu na sikio. Kwenye mpya umelainishwa na nafasi iliyouzunguka, na kitu kidogo kizuri kimepungua.

Vivyo hivyo Modern Times Rock 'n' Roll, ambayo haifiki dakika mbili na inaimbwa na Taylor. Ukavu wake wa zamani ulikuwa na hasira inayoufaa. Ukipewa ukumbi mkubwa wimbo unakuwa mzito zaidi, lakini ukali wake unapungua kidogo. Son and Daughter na Jesus zimenufaika kiasi, bila maajabu.

Kuna na wimbo wa ziada. Mad the Swine ulirekodiwa Juni 1972 ukaachwa nje kwa sababu bendi na prodyuza Roy Thomas Baker hawakukubaliana juu ya sauti ya dramu na vyombo vya kugonga. Ulitoka mara ya kwanza 1991. Toleo la 2024 limeurudisha mahali ulipokusudiwa, namba nne, kati ya Great King Rat na My Fairy King. Hii ndiyo njia rahisi ya kujua umeshika toleo gani kabla bando halijaisha: hesabu nyimbo. Zikiwa 10 na ya nne ni My Fairy King, hiyo ni miksi ya 1973, iwe masta ya 2011 au nyingine. Zikiwa 11 na ya nne ni Mad the Swine, ni ya 2024. Zikiwa 16 na Mad the Swine iko mkiani baada ya rekodi za majaribio, umeshika toleo refu la 2011.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo watu hutoa hukumu isiyo ya haki. Sabufa za nyumbani, zile za spika mbili ndogo na boksi moja kubwa, hutoka dukani zikiwa zimezidishwa chini. Dramu ya mguu ya 2024 tayari ina nyama. Ukiacha kitufe cha besi kimejaa, utasikia mngurumo unaofunika sauti ya Freddie na utasema miksi ni mbovu. Kirudishe katikati au chini kidogo, toa boksi kubwa kwenye kona ya chumba (kona huongeza mngurumo), tumia waya kutoka kwenye simu badala ya Bluetooth, kisha sikiliza tena. Spika ndogo za Bluetooth za kubeba nyingi huunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Kwenye hizo tomu zinazotembea hazitembei, na nusu ya kazi ya 2024 inapotea. Ukiwa na spika ya aina hiyo tu, 2011 inakutosha.

Hedifoni ikague kabla. Upande mmoja ukiwa dhaifu, jambo la kawaida waya ukishakunjwa mfukoni miezi kadhaa, gitaa zima linaweza kutoweka. Kwenye mipangilio ya simu tafuta sehemu ya uwiano wa kushoto na kulia, ihakikishe iko katikati.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulinganisha kwa sauti zisizolingana. Sikio hudanganyika: kitu kilichopandishwa kidogo tu huonekana bora, hata kama ni kilekile. Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu unayotumia, zima ikwalaiza, chagua kipande cha sekunde 20 hadi 30, kisikilize kwenye toleo moja, hamia la pili, rudi. Mpe mwenzako ashike simu akuchezee bila kukuambia ni lipi. Usisikilize albamu nzima halafu nyingine nzima. Ukifika ya pili umeshasahau ya kwanza ilivyolia. Na usifanye hivyo kwenye daladala ya Jamatini. Mngurumo wa injini unafunika chini yote, hivyo toleo lenye ukali wa juu litashinda kila mara.

Ubora wa faili nao una hesabu yake. Faili la CD lisilobanwa linakula karibu megabaiti 10 kwa dakika. Lililobanwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde linakula karibu 2.4, na la kilobiti 128 karibu megabaiti 1. Keep Yourself Alive ina dakika 3 na sekunde 46. Ukiingiziwa wimbo huo kwenye flashi na ukakuta hauzidi megabaiti 4, usiutumie kulinganisha chochote: visahani vitakuwa vinachurizika kama maji, na kosa si la miksi wala la masta. Ukiupata karibu megabaiti 9, endelea. Albamu nzima ya 2024 kwa kilobiti 320 itachukua kama megabaiti 100, kwa hiyo ipakue mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi badala ya kuichezesha moja kwa moja kila siku.

Epuka pia nyimbo zilizopandishwa na watu binafsi kwenye tovuti za video zikiwa na neno "remastered" bila mwaka. Nyingi ni mtu kaongeza sauti na besi nyumbani, na baadhi zimebadilishwa kasi ili zisikamatwe.

Lipo na sanduku kamili la 2024: CD 6, santuri 1 na kitabu cha kurasa 108. Ndani yake kuna rekodi za De Lane Lea, mazoezi ya studio, nyimbo bila waimbaji, vipindi vya BBC na maonyesho ya jukwaani. CD ya nyimbo bila waimbaji ni hazina kwa mpiga besi au dramu anayejifunza. Santuri kwa hali ya hapa inataka uangalizi: kuanzia Juni hadi Novemba vumbi jekundu linaingia hata dirisha likifungwa, linakaa kwenye mifereji, na kila chembe ni mlio wa "tak". Ipige brashi laini kila kabla ya kuweka sindano, isimamishe wima, usiilaze, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa nusu saa. Kwa anayetaka tu kusikia dramu zilivyorekebishwa, CD moja ya 2024 ina kila kitu anachohitaji, na kwenye simu aongeze wimbo mmoja kutoka 2011, The Night Comes Down, auweke pembeni.