Anki au kadi za manila?

Anayekariri mifupa 206 pale Muhimbili lazima aulize hili. Anki ni programu ya simu na kompyuta inayokuuliza maswali ya kukariri; kadi za manila unaziandika mwenyewe, swali mbele na jibu nyuma. Kwa gharama, Anki ni bure kwenye Android na kompyuta. Kwenye iPhone unalipia. Kadi zinataka manila, kalamu na kisanduku cha vyumba, mtindo wa mwandishi Sebastian Leitner wa miaka ya 1970: kadi uliyoijua husonga chumba cha mbele, uliyoikosa hurudi cha kwanza.

Kupanga marudio, Anki inashinda wazi. Ilijengwa juu ya kanuni ya Piotr Woźniak, mtafiti wa Poland aliyeandika programu ya kukariri ya SuperMemo mwaka 1987: swali ulilokosa hurudi mapema, unalolijua husubiri. Ila ukilala wiki moja marudio yanarundikana, na hapo ndipo wengi huacha. Kadi haziishiwi chaji.

Unasomea ndani ya mwendokasi, masomo mengi? Anki. Mtihani mmoja, na simu inakuvuruga? Kata manila.