Jeli ya klorheksidini ya kitovu: dawa nzuri, tatizo ni tyubu

Klorheksidini ni dawa ya kuua vijidudu, na jeli yake hupakwa kitovu cha mtoto mchanga. Soma lebo kabla ya kulipa. Jeli ya kitovu ni klorheksidini diglukoneti 7.1%, watengenezaji wengine huandika "klorheksidini 4%", na ni nguvu ileile. Lakini ipo pia sabuni ya kunawia mikono chumba cha upasuaji, nayo imeandikwa klorheksidini glukoneti 4%. Hiyo 4% ni ya glukoneti, ilinganishe na ile 7.1%, kwa hiyo dawa yake ni hafifu zaidi, na ina sabuni. Haifai kitovuni.

Kwa kifungashio, chagua pakiti ndogo ya gramu 3. Unaichana, unapaka yote mara moja, unatupa. Tyubu inafanana mno na marhamu ya macho ya tetrasaiklini, na mama hukabidhiwa vyote viwili siku moja. Chupa ndogo ya dawa ya maji ni mbaya zaidi: mtu akiiona anadhani ya matone. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari baada ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika kutiwa dawa hii machoni na kuumizwa vibaya. Ikiingia jichoni, mwagia maji safi mengi papo hapo, kisha hospitali bila kusubiri kesho.

Kupaka: nawa mikono kwa sabuni, anza kwenye ncha ya kitovu, shuka hadi shinani na ngozi inayokizunguka. Acha ikauke yenyewe, usifute. Nepi ikunjwe chini ya kitovu. Mara moja kwa siku, siku 7. Kitovu kitachelewa kidogo kudondoka, na hapo ndipo bibi huleta majivu au mafuta, mwambieni mapema. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 asipakwe bila daktari, ngozi yake huungua.

Je, inafaa kununuliwa? Ilipojaribiwa Nepal, wilayani Sarlahi, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa 24%. Ilipojaribiwa Pemba, uchafu wa usaha na wekundu wa kitovu ulipungua, ila vifo havikushuka kwa kiwango cha kuaminika. Ndiyo maana tangu 2022 WHO inaipendekeza pale tu watu wanapozoea kupaka kitovu vitu vyenye madhara, kama kinyesi cha ng'ombe. Kama nyumbani kwenu kitovu huachwa kisafi na kikavu, bakini na hela yenu. Wekundu ukisambaa tumboni, au mtoto akikataa kunyonya, jeli haitibu hilo. Anahitaji antibiotiki za sindano.