Bastola ya upepo: nilianza na 5.5, nikahamia 4.5

Nina zaidi ya mwaka sasa nikipiga shabaha kwa bastola ya upepo nyumbani kwetu Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Naandika kwa ajili ya yeyote atakayesimama kwenye kaunta na kuulizwa, "Unataka ya ngapi?" Swali hilo mimi nililijibu vibaya, na kulirekebisha kulinichosha sana.

Haja yangu ilikuwa moja tu: kulenga karatasi umbali wa mita 10, nyuma ya nyumba. Pale kuna ukuta wa tofali, na mbele yake nimeweka sanduku lililoshindiliwa matambara na magazeti ya zamani ili risasi ziishie humo. Polisi nilikwenda kwanza, nikapata kibali, ndipo nikatia mguu dukani. Bastola yenyewe ni ya Kijerumani. Unafunua sehemu ya juu na kuifunga tena mara moja, upepo unajaa, unapiga risasi moja. Ilikuwepo ya risasi yenye upana wa milimita 4.5, ile wanayoiita pointi moja saba saba kwa hesabu ya inchi, na ya milimita 5.5, yaani pointi mbili mbili. Muuzaji akaniambia, "Dada, chukua kubwa. Hiyo ndogo ni ya watoto." Nikachukua kubwa.

Wiki ya kwanza nikilenga katikati ya duara jeusi, risasi inatua chini kwenye weupe. Nikapandisha kilengeo cha nyuma. Zikapanda kweli, ila zikatawanyika: moja hapa, nyingine kiganja kizima pembeni. Nikaamini mkono wangu ndio mbovu. Jioni kadhaa nilisimama pale mpaka giza likaingia migombani, na karatasi haikubadilika.

Aliyenifumbua macho ni baba mdogo, mstaafu wa jeshi. Aliomba risasi ya kila aina, akaziweka kiganjani mwangu. Ile ya 4.5 ina uzito wa kama nusu gramu; ya 5.5 inakaribia gramu nzima. "Mwanangu, upepo ni ule ule," akasema. "Huyu umembebesha kikapu, yule gunia. Nani atawahi kufika?"

Nikaelewa hapo hapo. Bastola haina upepo mwingi kama bunduki ndefu. Risasi nzito inatoka polepole, kwa hiyo inashuka zaidi njiani. Tena inachelewa ndani ya mtutu, na ule mtetemo mdogo wa mkono unapata nafasi ya kuihamisha kabla haijatoka. Kwa mtu anayejifunza, hilo ni pigo kubwa. Bunduki ya upepo yenye nguvu inaweza kuibeba 5.5 vizuri, na hapo uzito unakuwa faida. Bastola ya nguvu ya kawaida haiwezi.

Duka lilikubali kubadilisha baada ya kunikata hela. Kilichoniumiza zaidi ni makaratasi: silaha nyingine, namba nyingine, basi nikaanza upya polisi. Nilipanda na kushuka mjini kwa daladala mara tatu.

Ile 4.5 nilianza nayo kwa risasi za kichwa bapa. Hizo hazipasui karatasi. Zinaikata tundu la mviringo, safi kama la mashine ya kutobolea mafaili. Siku ya pili tu, matundu mawili yaligusana yakawa kama namba nane, ndani kabisa ya duara jeusi. Karatasi ile bado ninayo. Duara la alama kumi katika mchezo huu lina kipenyo cha milimita 11.5, kwa hiyo tundu safi linakuonyesha bila ubishi kama umeligusa au hujaligusa. Mashindano ya bastola ya upepo ya mita 10, yaliyoingia Olimpiki mwaka 1988 kule Seoul, yanatumia 4.5 hiyo hiyo.

Angalia sana jambo moja. Kuna vigololi vya chuma ambavyo kopo lake nalo limeandikwa 4.5. Usivitie kwenye mtutu wenye mifereji ndani, ile inayoizungusha risasi, vitaukwaruza, na vikigonga kitu kigumu vinarudi kwako. Hata kwa risasi laini, mimi sipigi bila miwani ya kukinga macho, na nanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Bastola za mitungi midogo ya gesi sikuzitaka. Gesi ile hupungua nguvu kwenye baridi, na asubuhi za Julai huku kwetu mnazijua.

Kopo la risasi 500 linanifikisha Jumamosi nane, risasi 60 kila mara, idadi ile ile ya mashindano. Zile 20 zinazobaki ni za kupashia mkono.